Jina la Binti wa Jirani

Siku jina langu liliposomwa kwenye mahafali ya chuo kikuu, baba yangu alibaki ameketi. Wazazi wengine katika safu yake walikuwa wakisimama kwa zamu, kila mmoja mwanawe alipotajwa; wanawake wakipiga vigelegele, wanaume wakipunga kofia. Jina langu likasomwa, nikavuka jukwaa, nikainama, na nilipogeuza uso nilimwona mama amesimama peke yake, amemshika baba begani, na baba ameweka mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Je, hakulitambua jina lile, au alilitambua?

Sijui mpaka leo. Mama alinisimulia kwamba ndani ya basi la kurudi Tanga, baba alimwuliza, "Mbona mtoto wetu hawakumsoma?" Mama alicheka, kwa kuwa baba alikuwa na mzaha mkavu, usiojulikana unaanzia wapi. Nami nilicheka niliposimuliwa. Kisha miaka ikapita, baba akafa, na kicheko kile kikaanza kunisumbua.

Jina lililosomwa siku ile halikuwa langu. Lilikuwa la binti wa jirani yetu, Mdigo na Mwislamu, likifuatwa na jina la baba yake na la babu yake. Mimi ni mtoto wa Kilutheri. Baba yangu aliteremka kutoka milima ya Usambara akiwa kijana, akaja kukata mkonge upande wa Maramba, na huko ndiko nilikozaliwa na kubatizwa kwa jina ambalo hakuna cheti changu hata kimoja cha sekondari wala cha chuo kinacholijua.

Wasomaji wa rika langu hawatahitaji maelezo marefu. Wakati ule, mtoto aliyemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari alikuwa amefika mwisho wa njia. Kurudia darasa kulikatazwa. Lakini katika daftari la mahudhurio la kila shule yalikuwapo majina ya watoto walioacha katikati, mmoja kwa kuolewa, mwingine kwa kuchunga, mwingine kwa kuhama, na majina hayo yaliendelea kupanda darasa kila mwaka, yakisubiri mtihani. Walimu wakuu waliyatumia. Mtoto aliyekosa nafasi aliingizwa tena darasani kwa jina la aliyeacha, akafanya mtihani kwa jina hilo, na akichaguliwa alikwenda nalo. Hakuna aliyeona kwamba anaiba. Mwalimu alitaka shule yake itoe mtoto wa sekondari, mzazi alitaka mwanawe asiishie kwenye mkonge, na mwenye jina alidhaniwa halihitaji tena.

Mimi sikuchaguliwa. Mwaka ule kutoka shule yetu hakuchaguliwa mtu. Baada ya wiki chache mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwetu jioni moja, akazungumza na mama, na kesho yake mama alinichukua tukaenda kwa jirani. Alibeba ungo aliokuwa ameuazima kwake siku tatu kabla, na ndani yake aliweka mahindi mabichi manne, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu.

Binti wa jirani tulilingana umri, lakini alikuwa nyuma yangu darasa moja. Alikuwa ameacha kwenda shule tangu mama yake alipojifungua pacha. Mmoja wa pacha wale alikuwa dhaifu, na ilibidi abebwe mchana kutwa. Tulipofika tulimkuta anamenya mihogo kando ya jiko. Mama akaeleza haja yetu. Alieleza kwa aibu, akizunguka, mpaka mama mwenye nyumba akamkatiza.

"Jina haliliwi, mama nanii. Mpe mwanao alitumie. Akimaliza atarudisha."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wanawake waliozoeana, waliopeana kinu, mchi, moto na watoto wa kubeba. Jina lilikuwa kitu kingine tu cha kupitisha juu ya ua. Binti mwenyewe hakuulizwa. Aliniambia nimsogezee beseni, nikamsogezea, akatia muhogo aliokwisha kuumenya, akachukua mwingine.

Basi muhula ulipoanza nikarudi shuleni nikiwa yeye.

Sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, si mume wangu, si mchungaji. Wiki chache baada ya mimi kuanza kulitumia jina lile, asubuhi moja ya Jumatatu, mwalimu alikuwa akiita majina. Alipofika kwenye jina letu, nilisimama nikasema, "Nipo, mwalimu." Na mlangoni sauti nyingine ikasema vilevile, "Nipo, mwalimu."

Darasa zima liliangua kicheko. Alikuwa amesimama pale kizingitini, sare imefuliwa na kupigwa pasi, daftari moja mkononi. Pacha yule dhaifu alikuwa amepata nafuu, au shangazi yake alikuwa amekuja kusaidia, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba mwalimu alimtazama, akanitazama, akafunga daftari la mahudhurio juu ya kidole chake ili asipoteze mstari, akamwambia, "Wewe kaa nje kwanza. Nitazungumza na mama yako."

Akakaa nje. Kutoka kwenye dawati langu niliona mgongo wake na visigino vyake kwenye ngazi. Tulisoma Kiswahili, tukasoma hesabu. Kengele ya mapumziko ilipolia, ngazi ilikuwa tupu. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilifahamu kwa ukamilifu kilichotokea. Ningeweza kusema neno. Ningeweza angalau kumfuata nyumbani. Mwisho wa mwaka nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na kijiji kizima kilikuja kunisindikiza hadi barabarani, mama yake akiwa mbele.

Kuhusu maisha ya jina lile sina malalamiko. Lilinifikisha kidato cha nne, cha sita, chuo kikuu. Lilinipa kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya sekondari mjini Tanga, na nyumba ya kupanga Makorora ambako nimelea watoto. Lilinipa pia vituko. Kila Ramadhani walimu wenzangu waliniletea futari, na mwaka wa kwanza mmoja alinikuta ofisini nikinywa maji saa sita mchana. "Mwalimu," aliniambia kwa upole, akifunga mlango nyuma yake, "kama ni siku zako si ungejificha kidogo?" Nilimjibu kwamba mimi ni Mkristo. Alinitazama kwa huzuni, akaamini nimeritadi kwa ajili ya mume, na kwa miaka kadhaa aliniombea. Kanisani niliitwa kwa jina la ubatizo, kazini kwa jina la vyeti, na nilijifunza kugeuka kwa yote mawili bila kuchelewa.

Ulipokuja uhakiki wa vyeti, serikali ikisaka vya kughushi, wenzetu kadhaa waliondoka kazini bila kuaga. Nililala nikiwa na homa wiki nzima. Vyeti vyangu vilirudi safi. Vilikuwa halisi kuanzia mhuri hadi sahihi. Mtu tu ndiye hakuwa yeye.

Kwetu shahada ni kitu adimu. Katika kata ile, watu waliomaliza chuo kikuu mnaweza kuwaketisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Kwa hiyo jina lile halikuishia kwenye vyeti. Lilikuwa mfano. Walimu walilitaja kwenye mikutano ya wazazi: binti wa hapahapa, aliyekaa kwenye madawati hayahaya. Na mwenye jina alikuwa akihudhuria mikutano ile, kwa kuwa naye alikuwa mzazi.

"Watu wote wakanigeukia," alinisimulia mwenyewe. "Nikafanyaje? Nikapunga mkono."

Alinisimulia hayo kwa simu, mwaka huu, siku aliponipigia kuniambia kwamba anazo habari. Huku pwani watu wenye jina moja huitana somo, na ndivyo tulivyoitana tangu utotoni, kwa utani kwanza, halafu kwa mazoea. Tulikuwa tukionana kwenye misiba na arusi. Mama yake alipofariki nilifika siku ya tatu, nikaosha vyombo pamoja na wanawake wa ukoo wake, na hakuna aliyenionyesha kidole.

"Somo," alisema siku ile ya simu, "unajua mimi nina digrii?"

"Unasemaje?"

"Nina digrii. Wameniambia leo asubuhi. Mtu mzima mimi, nina wajukuu wawili, sikujua kumbe ni msomi."

Akacheka, nami nikacheka kidogo, halafu akanieleza. Kwa miaka mingi amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini kwao. Ndiye anayepima uzito wa watoto, anayewafuata wajawazito nyumbani, anayejua ni nani ameacha dawa. Sasa kazi ile inaelekea kuwa ajira yenye mafunzo, na mafunzo yanataka cheti cha kidato cha nne. Miaka miwili amekuwa akihudhuria masomo ya watu wazima kila Jumamosi. Hatua ya kwanza ni mtihani wa maarifa, ule unaowafungulia mlango watu ambao hawakusoma sekondari. Mwalimu wa kituo cha mtihani alitaka barua ya shule ya msingi kuthibitisha aliishia darasa la ngapi. Akaenda shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana asiyejua habari za zamani, akafungua daftari lililoliwa na mchwa pembeni, akamsomea: huyu alimaliza darasa la saba, akachaguliwa sekondari, na kila mtu anajua alifika chuo kikuu. Wewe ni nani?

"Nikamwambia mimi ndiye," alisema. "Akaniambia, mama, kughushi ni kosa la jinai."

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki ile. Ilikuwa Jumatatu. Hakuniomba kitu. Aliniambia tu, "Nimeona nikuarifu, maana na wewe umo."

Siku mbili sikufanya lolote. Shule zilikuwa zimefungwa, sikuwa hata na kisingizio cha kazi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilijiambia kwamba kosa halikuwa langu, lilikuwa la watu wazima, na watu wazima wale wote wamekufa. Nilijiambia nina watoto wawili wanaosoma. Halafu Jumatano mchana nilikumbuka sanduku la bati la mama, lililokuwa uvunguni mwa kitanda changu tangu azikwe, na ndani yake nikaikuta karatasi niliyoihitaji: cheti changu cha kumaliza darasa la saba, kile cha kwanza, chenye jina langu la ubatizo na jina la baba yangu. Mtoto yule wa kwenye cheti alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, na baada ya hapo hakufanya kitu kingine chochote duniani.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Somo angejisajili kwa jina hilo. Lilikuwa tupu, safi, halina mtu. Asingehitaji kuniuliza mimi wala daftari lililoliwa na mchwa. Nakiri kwamba sikuona ubaya wowote katika wazo hilo. Nililiona kuwa jema, na hata la haki, jina kwa jina. Nilikiweka cheti kwenye bahasha, na Alhamisi asubuhi nikapanda basi la Maramba.

Nilimkuta kwenye baraza la zahanati, akipima watoto. Mizani ilining'inia kwenye boriti, na kila mtoto alitumbukizwa kwenye kile kikaptula cha turubai akalia kwa hasira. Somo aliniona, akanipa rundo la kadi bila salamu. "Nisomee tarehe za kuzaliwa, miwani yangu imevunjika." Nikasoma. Mama mmoja kijana alininong'oneza, "Shikamoo mwalimu," kisha akauliza, "Ninyi ni ndugu?"

"Huyu ni mimi," somo alimjibu, akitazama mshale wa mizani. "Kilo saba na nusu. Andika."

Tulikwenda kwake baada ya adhuhuri. Alipika bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchicha na papa mkavu, na tulikula kwenye mkeka. Aliponimiminia maji ya kunawa nilitoa bahasha. Alikisoma cheti akikiweka mbali na macho, mkono wote ukinyooka.

"Hili ni jina la kanisani," alisema.

"Litakufaa. Shule ina daftari lake, barua itatoka leo leo. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Hakuna atakayeuliza."

"Kwa hiyo wewe ukae kwa jina langu, na mimi nikae kwa jina lako."

"Mpaka upate cheti."

"Na siku ya kiyama wakiita majina tuanze kusukumana."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikirudisha cheti kwenye bahasha, akakunja mdomo wa bahasha vizuri, akaiweka kwenye mkeka katikati yetu.

"Somo, jina langu ni la bibi yangu, mzaa baba. Nilipewa siku ya saba, akaninyoa nywele mwenyewe. Zahanati wananijua kwa hilo. Kitambulisho changu cha taifa ni hilo. Wanangu wanaitwa kwa ubini wa baba yao, lakini mama yao ni hilo. Nimalize kusoma uzeeni halafu cheti kimtaje binti wa mkata mkonge? Samahani, simtukani mzee."

"Najua humtukani."

"Baba yako alikuwa mtu mwema. Lakini si baba yangu."

Maneno hayo, aliyoyasema bila ukali wowote, yalinikalia kifuani kuliko yote. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumfanya baba yake kuwa baba yangu, mbele ya maelfu ya watu, na baba yangu mwenyewe ameketi palepale.

Kuku aliingia, akadonoa punje iliyoanguka, akatoka. Nikasema kile nilichokuwa sijawahi kukisema.

"Siku ile uliporudi shuleni, nilikuona mlangoni."

"Najua uliniona."

"Ningesema."

"Ungesema nini, nawe mtoto." Alichukua sahani, akazipanga, kubwa chini. "Mimi nikikumbuka siku ile sikumbuki mwalimu. Nakumbuka sauti yako. Uliitika kwa nguvu kuliko mimi."

Alikwenda nje na sahani, nikamsikia akizisugua kwa majivu, na aliporudi alikuwa amekwisha kubadili mazungumzo. Aliniuliza habari za watoto wangu, akanieleza ya wajukuu. Nilimjibu huku akili yangu ikizunguka mahali pamoja. Nilikuwa nimekuja na zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa lile kosa la mama zetu, limefutwa vumbi.

"Wakikuuliza hapo kituoni kwa nini daftari linasema ulimaliza," nilimwambia hatimaye, "ni karatasi gani itakayowatosha?"

"Mwalimu wa kituo alisema kiapo. Aliyelitumia jina aape kwamba aliufanya yeye, ule mtihani wa darasa la saba. Nikamwambia haiwezekani, mtu huyo ana kazi ya serikali."

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Kwa sababu ungefikiri nakuomba."

Nilimuuliza mahakama ya mwanzo hufunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili. Karani hufika saa tatu." Halafu akasema, "Somo, usifanye kwa kuwa umekula bada yangu. Digrii ni yako, ulisoma wewe, mimi sikuikeshea. Nataka tu siku moja msimamizi wa mtihani aite jina, niitike mwenyewe, na pasiwe na mtu mwingine chumbani anayeitika."

Nilimwambia nimesikia. Nikamwambia kwamba ninaogopa, na sikumficha ni nini ninachokiogopa: kwamba naweza kuitwa, kusimamishwa, kuulizwa miaka yote hii nilikuwa nani. Hakunifariji. Alisema, "Ndiyo, inaweza kuwa hivyo," na usiku ulipoingia akanitandikia.

Asubuhi tulitoka pamoja kwa miguu, barabara ikiwa bado na umande, yeye mbele kwa mwendo wa mtu aliyezoea kupita nyumba kwa nyumba. Mwanamke aliyekuwa akianika mihogo alimwita kwa jina, nikageuka mimi. Tulicheka mpaka tukasimama.

"Mama alikuwa akisema chombo cha watu hakirudishwi kitupu," alisema tulipoanza kutembea tena. "Utanirudishia na nini?"

"Jiografia. Kila Jumamosi, mpaka mtihani."

"Na hisabati?"

"Hisabati tafuta mwingine, nitakufelisha."

Karani alifika saa tatu na robo. Tulikuwa wa kwanza kwenye benchi. Alipiga chapa maelezo yangu kwa vidole viwili, akiuliza, nikijibu, na nilikuwa nimempa nakala ya cheti changu cha chuo kikuu, isiyotoka mkobani mwangu tangu uhakiki ule, ili anakili namba yake. Alipomaliza aliingia ndani kwa hakimu, akatuita, akalitazama jina kwenye cheti, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye msahafu uliokuwa juu ya meza.

"Mimi ni Mkristo," nikamwambia.

Akalitazama jina tena. Akanitazama. "Hapa pameandikwa..."

"Hicho ndicho ninachokuja kukiapia."

Hakimu, mwanamke wa rika letu, aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Alisoma kwamba mtihani wa darasa la saba uliofanywa kwa jina lile katika shule ile niliufanya mimi. Kwamba mwenye jina hakuufanya, hakuchaguliwa, na hakuwahi kuingia sekondari yoyote. Kwamba vyeti vyote vilivyofuata nilivipata mimi kwa kusoma mwenyewe, kwa jina lisilo langu. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Mwalimu, unajua karatasi hii ikitoka hapa hairudi?"

"Najua. Nakala moja nitampelekea mkuu wangu wa shule Jumatatu, shule zikifunguliwa."

"Umempata wakili wa kukushauri?"

"Sikumtafuta."

Hakimu akamwambia karani anipe Biblia. Nikaishika. Akaniambia nitaje jina langu kamili, kwa sauti, ili aliyekuwapo asikie. Nilitaja jina la ubatizo. Nilitaja jina la baba yangu. Sikuwahi kulitamka jina hilo ndani ya ofisi tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, na nililitamka polepole, herufi zake zote, kama mtu anayemsomea mwingine aliye mbali ukumbini. Kisha nikaapa, nikatia sahihi. Sahihi hiyo sikuwa nayo. Ilinibidi niitunge palepale, na ilitoka ya kitoto.

Mhuri ukapigwa mara mbili. Somo alipokea nakala yake, akaishika mbali na macho, akatafuta mahali jina lake lilipo, akaliona, akalisoma kimya midomo ikicheza. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Twende upesi," alisema. "Leo Ijumaa. Mwalimu wa kituo akishaenda kuswali hatumpati tena."